Mfinyanzi, Maji na Oksijeni: Jiokemia ya Uzikaji wa Taka za Mionzi Ikisomwa Mwambaoni Kigoma

Taka za mionzi ni mabaki ambayo atomi zake huendelea kumeguka na kutoa mionzi hata baada ya matumizi yake kwisha, na kwa zaidi ya miaka arobaini wataalamu wa miamba wamekuwa wakichunguza namna ya kuzizika ndani ya matabaka ya udongo wa mfinyanzi yaliyo chini sana ardhini. Ubelgiji ilianza kuchimba maabara yake huko Mol mwaka 1980, katika kina cha mita 225 hivi. Uswisi ilianza utafiti wa Mont Terri mwaka 1996. Na Ufaransa inachunguza mfinyanzi wa Bure, wenye umri wa miaka milioni 160 hivi, katika kina kinachokaribia mita 500. Tanzania haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme, na taka zake ni hasa vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kutumika hospitalini na viwandani, vinavyokusanywa Arusha chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Hoja ya mada hii ni kwamba jina la mfinyanzi peke yake halihakikishi chochote, kwa kuwa kinachozuia taka zisisafiri ni kemia ya udongo pamoja na maji yaliyomo ndani yake, na kemia hiyo yaweza kusomwa kuanzia vilima vya Kigoma na Ujiji hadi sakafu ya Ziwa Tanganyika.

Mfinyanzi hufanywa na vibamba vyembamba mno vilivyopangana kama kurasa za kitabu, na vibamba hivyo huwa na chaji hasi inayovuta kationi, yaani ioni zenye chaji chanya, kama zile za sesiamu na rediamu. Uwezo huo wa kushika na kubadilishana kationi hupimwa kwa milikwivalenti katika gramu 100 za udongo: kaolini huwa na 3 hadi 15 tu, ilhali smektaiti, ambayo hunywa maji na kuvimba, hufikia 80 hadi 120. Mvua za miaka mingi zimeuosha udongo mwekundu wa vilimani na kuuachia zaidi kaolini na oksidi za chuma, hivyo mshiko wake ni hafifu. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaonasa magurudumu masika na kupasuka nyufa kiangazi, ndio wenye smektaiti nyingi. Dereva anayeulaani udongo huo na mhandisi wa Ufini anayesindilia bentonaiti, yaani mfinyanzi wa smektaiti, kuzunguka makasha ya taka, wanashughulika na tabia ile ile moja.

Maji nayo yana neno lake. Uvinza, kusini-mashariki ya mji wa Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambayo watu wameyachemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Maji ya namna hiyo yakiingia katika smektaiti, wingi wa ioni zake hubana tabaka la maji lililozunguka vibamba, kuvimba hupungua, na sesiamu hulazimika kugombea nafasi na kationi nyingine. Maji ya juu ya ziwa ni tofauti: ni ya kialkali, yenye pH inayokaribia 9 na bikarboneti nyingi, na karboneti hufanya na urani iliyooksidishwa michanganyiko inayoyeyuka, mingi yenye chaji hasi, ambayo husukumwa na vibamba badala ya kunaswa.

Lililo zito kuliko yote ni oksijeni. Palipo na oksijeni urani hupoteza elektroni sita na huyeyuka majini. Oksijeni isipokuwapo, urani hupoteza nne tu na hutulia kama madini magumu kuyeyuka. Wekundu wa udongo wa Kigoma ni alama ya hali ya kwanza. Hali ya pili haiko mbali na bandari: ziwa lina kina cha mita 1,470, maji yake hayachanganyiki hadi chini, na baada ya mita 100 hadi 250 hivi oksijeni huisha, dagaa na mgebuka hawaishi, salfidi hutawala. Mfinyanzi wa Mol na wa Bure, uliotua katika bahari za kale, umehifadhi pairiti, madini ambayo yangekwisha kushika kutu kama oksijeni ingeupenya. Na Oklo, nchini Gabon, iligunduliwa mwaka 1972 kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita mashapo ya urani yaliwaka yenyewe kama kinu. Plutoni iliyozaliwa humo haikusafiri, ilibaki ikizungukwa na mfinyanzi hadi ikamalizika kugeuka.

Ukuta huu hata hivyo una tundu. Iodini-129, ambayo nusu uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kugeuka, ni miaka milioni 15.7, ina chaji hasi na haishikwi. Huzuiwa na ukawivu tu. Katika mfinyanzi ulioshindiliwa maji hayatiririki, chembe husambaa polepole, na kwa kuwa muda hukua kwa mraba wa umbali, chembe inayotumia miaka 3,000 kupita mita 1 itatumia zaidi ya milioni 7 kupita mita 50.

Hesabu hiyo huvunjika mwamba unapopasuka, na hapo mwambao huu hujiondoa wenyewe. Ziwa limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambalo bado linapanuka. Tarehe 5 Desemba 2005 lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.8, na upande wa Kongo, huko Pemba na rasi ya Banza, maji ya moto hutoka sakafuni. Kwa tope lake lote jeusi, Ziwa Tanganyika haliwezi kuwa ghala.

Katika taka za Tanzania, kobalti-60, yenye nusu uhai wa miaka 5.3, na sesiamu-137, ya miaka 30, zaweza kungojewa katika ghala linalolindwa. Rediamu-226, ya miaka 1,600, haingojeki. Siku kitakapotafutwa kisima kirefu cha kuizika, kitafutwe katika mwamba mkongwe ulio mbali na ufa, na mfinyanzi wa kukizibia ujaribiwe kwa maji ya mahali penyewe, si kwa maji safi ya maabara.