Mkanda Unaokatika Kila Mara: Tuanzie kwenye Mashine
Mazungumzo na wamiliki na watumiaji wa mashine za kukamua alizeti, Singida



Lalamiko lenu tunalifahamu. Mkanda umenunuliwa, umefungwa, na kabla ya mwezi kwisha umekatika. Umenunuliwa wa pili, nao umekatika. Wakati huo mkulima aliyetoka Mkalama na magunia yake analala mjini akisubiri, na gharama ya kulala haipunguzwi na mtu yeyote. Anayenunua mkanda wa tatu huwa tayari amekwisha kutoa hukumu: ameuziwa bandia. Huenda ni kweli, kwa maana bidhaa bandia zimo sokoni. Lakini hata mkanda halisi ukifungwa kwenye mashine iliyokaa upande hukatika, na mwenye kulalamika asipolijua hilo, muuzaji atamnyamazisha kwa swali moja tu. Ndiyo sababu leo tunaanza na mashine, sheria itafuata.

Ombi letu la kwanza: msiutupe mkanda uliokatika. Utazameni. Ukiwa umelika upande mmoja tu, puli mbili hazitazamani sawasawa. Ukiwa unang'aa pembeni kama uliochomwa, ulikuwa unateleza, ama kwa kulegea, ama kwa kubebeshwa mzigo mkubwa. Ukiwa umevimba na kuwa laini, umelowa mafuta. Na katika chumba cha kukamulia alizeti mafuta hayakosekani. Ukiwa na nyufa upande wa ndani, umezeeka au umepata joto jingi.

Puli hupimwa kwa uzi. Zima injini, vuta uzi ulionyooka upite mbele ya puli zote mbili; uzi uguse kingo nne, mbili kwa kila puli. Palipo na mwanya ndipo penye kasoro. Legeza bolti za injini, isogeze, pima tena. Kazi hii haihitaji fedha, nasi hatuoni kwa nini ifanywe baada ya mkanda wa tatu badala ya wa kwanza.

Kisha tazama mfereji wa puli. Mkanda wa namna hii huvuta kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ukiona chini ya mfereji panang'aa, mfereji umelika na mkanda umezama hadi chini. Hapo utateleza hata ukikazwa namna gani. Puli hiyo haina budi kubadilishwa. Kuendelea kununua mikanda ni kuilipia puli mara nyingi pasipo kuipata.

Kuhusu kukaza: bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Zikiwa na nafasi ya sentimita 60 kati yao, mkanda uingie ndani takriban sentimita 1. Ukilegea zaidi huteleza. Ukikazwa kupita kiasi huua beringi. Mkanda mpya hurefuka kidogo, basi ukazwe tena baada ya siku moja au mbili za kazi. Penye mikanda miwili au mitatu sambamba, badilisheni yote kwa pamoja, kwani mpya na mkuukuu havigawani mzigo kwa haki. Wala msiupandishe kwa kuupenyezea nondo. Nyuzi za ndani hukatika pasipo kuonekana. Isogezeni injini kwanza.

Jambo moja la hapa kwetu: mashudu yakiachwa ndani ya mashine usiku kucha hukauka na kushika. Asubuhi injini huvuta, shafti hugoma, na mkanda ndio unaoungua. Safisheni kabla ya kufunga kazi. Na kinga ya mkanda irudishwe kila mara, kwa sababu khanga ya anayesubiri mafuta yake haiko mbali na puli.

Ikiwa yote hayo yako sawa na mkanda bado unakatika, sasa mna hoja. Linganisheni maandishi na vipimo. Mkanda wa aina ya B una upana wa milimita 17 juu, wa aina ya A milimita 13. Namba inayofuata herufi ni urefu wa ndani kwa inchi, hivyo B68 ni inchi 68. Usiolingana na maandishi yake unatia shaka.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, nawe ukategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo sharti iifae kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu, "Nipe mkanda." Sema ni wa mashine ya kukamua, taja injini, na ikiwezekana nenda na ule wa zamani. Dai risiti yenye jina la bidhaa na tarehe. Bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Anzeni kwa kurudi dukani, kwa upole, mkiwa na vitu vitatu mkononi: risiti, mkanda wenyewe, na karatasi ya fundi inayoeleza kuwa puli zilipimwa na zilikuwa sawa. Muuzaji akikataa, leteni hivyo hivyo vitatu kwetu.