Kujifunza kwa Kutenda

Leo tutajibu swali moja: Ni kitu gani kinachomfanya mtu apende kuwatendea wenzake mema?

Wengine husema, "Mwambie wajibu wake, naye atautimiza." Lakini kuambiwa tu hakutoshi. Mara nyingi maneno huingia sikio hili yakatokea la pili.

Sikilizeni habari ya kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofanyika Tanzania mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi. Kwa majuma 12 walikutana, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakajadiliana. Lakini hawakuishia hapo. Walishika majembe wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba zao.

Je, jembe lilifundisha nini kuliko maneno? Fikirini. Wewe una choo kizuri, jirani yako hana. Inzi hutoka kwake, wakatua juu ya chakula cha mtoto wako. Basi choo chako peke yake hakimlindi mtoto wako. Mtu akisikia jambo hili hukubali kwa mdomo. Lakini akichimba pamoja na jirani yake, akaona shimo linakwenda chini, huliamini moyoni: afya ya jirani ni afya yangu. Tena huona kwamba anaweza. Na aliyefaulu kazi moja hutamani kujaribu ya pili.

Lakini angalieni. Kazi ya kusukumwa haizai moyo huo. Anayechimba kwa kuogopa faini hutupa jembe mara msimamizi anapogeuza kisogo. Kwa hiyo kikundi kwanza kijadiliane, kichague kazi chenyewe, ndipo kiitende. Kazi ikiisha, kaeni tena, mwulizane: Nani amefaidika? Nani bado?

Sasa andikeni kazi ya juma hili. Tazameni njia, kisima na vyoo vya mahali penu. Chagueni pamoja jambo moja dogo, mlitende kabla ya somo lijalo. Kisha kila mmoja aandike majibu matatu katika daftari lake:

1. Tulifanya nini?
2. Kazi yetu imemsaidia nani?
3. Je, ningependa kuifanya tena? Kwa nini?

Msiandike jibu la tatu ili kumpendeza mwalimu. Andikeni la kweli.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.