Kipimo cha Mionzi na Usalama wa Mpakani



Mionzi haionekani wala hainuki. Shahidi wetu ni kipimo. Kipimo kina sehemu mbili: kinasa mionzi na mita inayosoma. Kinasa kikiunganishwa na mita isiyopangiwa volteji yake, namba itakayotokea haiaminiki. Kwa hiyo yafaa viwili hivyo visawazishwe pamoja maabara, kama jozi moja.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, mashine ya tiba yenye sesiamu-137 ilitolewa katika kliniki iliyohamwa, ikavunjwa kwa ajili ya chuma chakavu. Mtaalamu aliyeazima kipimo aliona mshale umefika mwisho kila alikokielekeza. Akadhani ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Nacho kikasema vilevile. Watu 4 walifariki.

Basi, mkiona mzigo unapimwa mara mbili, msidhani mnacheleweshwa. Nanyi mkikuta chuma chenye alama ya mapanga matatu, msikifungue wala kukibeba. Ondokeni hapo, wazuieni watoto, mtoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Mtoa taarifa si mshitakiwa. Ni mlinzi mwenzetu.