Mwenye Kamera Naye Hula: Juu ya Kutazama Orka na Dubu katika Pwani ya British Columbia

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, ndugu na jamaa mliokuja kwa mwaliko na mliokuja kwa harufu ya pilau:

Desturi ya mhadhara huu ni profesa mpya kueleza alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo. Mimi naomba radhi, wangu nitautumia kumjibu mtu. Mwenzangu wa uchumi wa utalii, aliyeketi safu ya mbele na anayetabasamu, alisema katika semina yetu jambo lililoninyima usingizi: "Mwenye bunduki hupunguza, mwenye kamera hapunguzi." Akatuchukua hadi British Columbia, magharibi mwa Kanada, akatuambia huko wameacha kuwinda dubu wa kahawia kwa sababu dubu aliyeuawa huuzwa mara moja, na dubu anayetazamwa huuzwa kila asubuhi. Akamalizia kwa kuzitaka Zanzibar, Mafia na Watamu ziige.

Hoja hiyo ina nguvu, na sehemu yake ni kweli. Ndiyo maana nataka kuivunja taratibu.

Kuhusu pwani yenyewe nitapita haraka. Kutoka karibu na mpaka wa Marekani hadi Alaska milima inashukia baharini moja kwa moja, na bahari nayo inaingia ndani ya milima kwa mikono mirefu na myembamba. Mvua haichoki. Mwaka 2016 serikali ya jimbo na mataifa ya wenyeji wa asili walikubaliana juu ya eneo liitwalo Great Bear Rainforest, hekta milioni 6.4, na asilimia 85 ya msitu wake ikaondolewa katika ukataji wa kibiashara. Habari za samoni kupanda mtoni kutaga na kufa, wenzangu wa biolojia wanazijua kuliko mimi.

Tuanze na orka, aitwaye pia nyangumi muuaji, kwa kuwa yeye kabla ya kutazamwa alikuwa adui. Mwaka 1960 idara ya uvuvi ya Kanada iliweka bunduki ya rashasha juu ya mlango wa bahari wa Seymour Narrows ili kuwapiga orka, walioshutumiwa kula samoni wa wavuvi. Haikupigwa hata risasi moja, lakini iliwekwa. Mwaka 1964 jumba la viumbe wa baharini la Vancouver lilimtuma mchongaji amuue orka mmoja kwa chusa ili apate mfano wa sanamu. Mnyama hakufa. Wakamvuta hadi mjini, akaishi kifungoni chini ya miezi mitatu, na watu wakashangaa kuona hamng'ati mtu. Mshangao huo ukazaa biashara ya kuwakamata wakiwa hai, na watoto ndio waliotakiwa zaidi.

Ndipo anapoingia Michael Bigg, na hapa, Mheshimiwa Makamu Mkuu, nitakaa kidogo.

Bigg alikuwa mtafiti wa serikali katika kituo cha Nanaimo. Aliulizwa swali la mwenye duka: orka wako wangapi, na wangapi tunaweza kuchukua? Watu wengi walidhani wako maelfu. Julai 1971 alisambaza maelfu ya fomu kwa watunza minara ya taa, wavuvi, mabaharia wa vivuko na yeyote mwenye chombo, akawaomba siku moja tu waandike kila orka watakayemwona na alikokuwa akielekea. Majibu yalipojumlishwa, pwani nzima haikuwa na zaidi ya orka 350 hivi.

Kisha akafanya jambo lililowafanya wengine watikise kichwa. Akasema kila orka anatambulika kwa pezi lake la mgongoni na doa la kijivu lililo nyuma yake. Kitabu nilichonacho hapa, walichokitoa yeye, Graeme Ellis, John Ford na Kenneth Balcomb mwaka 1987, ndicho kitabu nikipendacho kuliko vyote vya fani yangu, na hakina hata picha moja ya kuvutia. Hakuna orka anayeruka, hakuna machweo. Ni mapezi, ukurasa baada ya ukurasa, nyeusi na nyeupe, yote yamepigwa kutoka upande mmoja. Hili lina pengo kama meno ya msumeno. Hili limepinda nchani. Hili halina alama yoyote ila doa la nyuma limechanwa na mkwaruzo mwembamba ambao lazima uusogeze mwanga ili uuone. Chini ya kila pezi kuna herufi ya kundi na namba. A1, ambaye pezi lake lilikuwa limeharibika vibaya, ndiye anayefungua hesabu. Ukikifunua mara nyingi kama nilivyokifunua mimi, unaanza kuona kwamba kumbe unasoma kitabu cha nasaba: huyu ni mama, hawa ni wanawe wa kike na wa kiume, wote wakiwa wakubwa na wote wangali naye. Orka wanaokula samaki katika pwani ile hawamwachi mama yao maisha yote. John Ford naye, akiwasikiliza kwa maikrofoni ya chini ya maji, akaonyesha kwamba kila ukoo una lahaja yake.

Mnataka ushahidi kwamba njia hii inafanya kazi? Januari 2002 orka mdogo yatima alionekana peke yake karibu na Seattle, dhaifu, akijisugua kwenye magogo. Kwa sauti zake na kwa alama za mwili wake watafiti wakamtambua: A73, wa ukoo wa kaskazini. Julai mwaka huohuo wakamrudisha kwenye mlango wa bahari wa Johnstone, akapokewa na jamaa zake. Mwaka 2013 alionekana na mtoto wake mwenyewe.

Sasa narudi kwa mwenzangu. "Mwenye kamera hapunguzi" ni dai la hesabu. Asiye na daftari la nani yupo na nani hayupo hawezi kulitamka, na daftari la Bigg lilipokwisha kuandikwa, likaanza kujibu vingine.

Katika mlango wa bahari wa Johnstone kuna ghuba ndogo, Robson Bight, ambamo orka huingia kujisugua matumbo kwenye changarawe laini karibu na ufuko. Tangu mwaka 1982 ni hifadhi, na sasa ina jina la Bigg. Katikati ya miaka ya 1990 Rob Williams na wenzake walikaa ng'ambo yake, juu ya jabali, na theodolaiti kama ya wapima ardhi. Kutoka huko waliweza kufuata njia ya orka bila kulowesha hata kidole. Wakatuma boti moja tu imsogelee orka dume hadi mita 100, umbali uliokuwa ukihesabiwa kuwa wa adabu. Dume hakukimbia wala hakupiga mkia. Alianza kwenda upogoupogo, na ili kufika palepale alipokuwa akienda ilimbidi aogelee kama asilimia 13 zaidi. Abiria wa boti angeapa kwamba mnyama hakujali.

Uchambuzi uliofuata, wa mwaka 2006, ndio unaoniuma. Williams, David Lusseau na Philip Hammond walipima orka hao walikuwa wakifanya nini boti zikiwapo na zisipokuwapo. Gharama ya kuogelea zaidi ilikuwa ndogo, asilimia chache. Hasara kubwa ilikuwa kwenye chakula: wakiwa na boti walipunguza muda wa kula, na kwa makadirio yao nishati iliyokosekana ilifika asilimia 18. Mtu akija kukaa kizingitini kwako kila unapotandika mkeka wa chakula, na asichukue hata tonge, utashinda na njaa naye ataapa hajala chako. Mwenzangu ana haki ya kusema kwamba hayo ni makadirio, na kwamba samoni wakiwa tele orka atafidia baadaye. Nakubali. Lakini ukoo wa kusini wa orka hao wanaokula samaki, ambao haufiki orka 80, haupati samoni tele, na kwa ajili yao mwaka 2019 Kanada ililazimika kuzisogeza boti hadi mita 400 katika maji yao.

Naomba nitoke Kanada kwa dakika mbili, kwa sababu Lusseau huyohuyo alishirikiana na watafiti waliopima pomboo wetu wa Kizimkazi, Zanzibar. Pale watu waliwavua pomboo hadi miaka ya 1990, kisha wakageukia kuwaonyesha wageni: mfano halisi wa bunduki kuipisha kamera. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yanasema boti zikiwapo, pomboo wanapunguza kupumzika, kula na kuchangamana, wanazidisha kusafiri. Nami nilikwisha kuyasikia kabla hayajachapishwa. Nikiwa mwanafunzi nilipanda boti ya nahodha mmoja mtu mzima, asubuhi, bahari shwari. Pomboo walikuwa wamebanana, wakienda polepole, wakichomoza kwa pamoja.

"Hawa wamelala, mwanangu," akaniambia. "Ndivyo wanavyolala."

"Sasa mbona tunawaingilia, mzee wangu?"

Akaongeza moto wa mashine ili awatangulie. "Mgeni kalipia kuruka majini. Hakulipia kuja kutazama watu waliolala." Akageuka nyuma akapiga kelele kwa Kiingereza: wajitose, sasa hivi.

Nasikia mtu anasema: basi tuache bahari, tumtazame dubu. Na hapa mwenzangu ana silaha yake bora, ambayo ajabu hakuitumia, kwa hiyo nitaitumia mimi kwa niaba yake. Owen Nevin na Barrie Gilbert walichunguza dubu wa kahawia kwenye mto Glendale, Knight Inlet, mahali watalii wanapokaa kwenye majukwaa kuwatazama wakivua samoni. Waligundua kwamba majike wenye watoto waliutumia mto zaidi watu walipokuwapo. Sababu ni kwamba madume makubwa, ambayo huua watoto wa wenzao, huwakwepa watu, na mama anapata kula kwa amani chini ya kivuli cha watalii. Makala yao, ya mwaka 2005, inauliza kichwani mwake kama utalii unaweza kuwa na faida kwa dubu.

Nimeisoma makala hiyo mara nyingi nikitafuta tundu, na sikulipata. Inasema kweli. Lakini isomeni tena kwa utulivu: samaki anayeliwa na mama ni samaki ambaye dume hakumla. Mtazamaji amegawa upya chakula cha mto. Amegawa vizuri, na mimi ningegawa hivyohivyo, ila ni vigumu kusema hakugusa kitu. Tena aliweza kugawa vizuri kwa sababu hakuhama. Jukwaa liko palepale, saa ni zilezile, na dubu anajua pa kuwapata watu na pa kuwaepuka. Mto McNeil wa Alaska unafanya hivyo tangu miaka ya 1970: wageni 10 kwa siku kwenye maporomoko, wanaopatikana kwa bahati nasibu, wanapita njia moja na kukaa mahali pamoja. Dubu wanapita karibu nao kwa hatua chache, na tangu utaratibu huo uanze hakuna mgeni aliyejeruhiwa.

Yupo mwingine wa kumtaja, Tom Reimchen, aliyekaa kando ya kijito cha Bag Harbour, Haida Gwaii, usiku, na darubini ya kuonea gizani. Sisi watu wa mchana tulidhani dubu huvua tunapomwona. Reimchen aliwaona dubu weusi wakivua sana usiku, kila mmoja akibeba samoni kwenda msituni, akila mayai, ubongo na mnofu wa mgongo, kisha akiwaachia kunguru, funza na mizizi ya miti yaliyobaki. Kwa hesabu yake dubu mmoja hufikisha samoni 700 hivi kwa msimu, na naitrojeni ya bahari ikapatikana ndani ya miti. Kazi yote hiyo ilifanywa na mtu aliyeketi.

Huo ndio msimamo wangu, na wanafunzi wangu wamechoka kuusikia: mtazamaji akae, mnyama apite. Bigg na fomu zake za watunza minara, Williams juu ya jabali, Reimchen gizani, walijua mengi kwa sababu hawakumfuata mnyama. Wenzangu watatu wameniambia kwa nyakati tofauti kwamba huu ni ushabiki na si matokeo ya utafiti, kwa kuwa Bigg mwenyewe alipiga picha zake nyingi akiwa kwenye boti. Ni kweli, alikuwa kwenye boti. Bado sijabadilika.

Katika jambo moja namvulia mwenzangu kofia. Mataifa ya wenyeji ya pwani ile yalitangaza mwaka 2012 kupiga marufuku uwindaji wa dubu wa kujitafutia kumbukumbu katika maeneo yao, na mwishoni mwa 2017 jimbo zima likazuia kuwinda dubu wa kahawia isipokuwa kwa wenyeji hao kwa mahitaji yao. Fedha ya watazamaji ilisaidia kulifikisha hapo. Nikilazimishwa kuchagua kati ya risasi na jukwaa, sitachelewa kuchagua. Ninachokataa ni kumruhusu mwenye jukwaa aandike sifuri kwenye mstari wa gharama.

Ataniuliza, na ni swali la haki, yule nahodha wa Kizimkazi ale nini. Nenda Klemtu, kijiji cha Wakitasoo Xai'xais katika pwani ileile. Wao ndio wenye nyumba ya wageni, waongozaji ni vijana wao, na walinzi wa bahari na msitu ni watu wao. Wanaoenda kumtafuta dubu mweupe wa msitu ule ni wachache, wanalipa ghali, na wengine wanaondoka bila kumwona. Kizimkazi kinachotakiwa kwanza ni kubadili kile ambacho mgeni analipia: alipie saa za kukaa na nahodha, nanga imetiwa, mashine imezimwa, bila mtu kujitosa, pomboo waje au wasije. Nahodha apokee malipo yaleyale siku ya pomboo na siku isiyo na pomboo, kwa sababu malipo ya bahati ndiyo yaliyompa haraka ile. Pawe na daftari la mapezi, na waliandike manahodha wenyewe, maana wale wazee wanawajua pomboo wao mmoja mmoja kabla mimi sijafika na kalamu. Bei itapanda na boti zitapungua. Wenye hoteli watanuna. Baadhi yao wamo humu ukumbini, na nitawakuta kwenye pilau.