Wagonjwa Wanaposema kwa Sauti Moja

Shikeni kalamu na madaftari. Somo la leo ni juu ya chama cha wagonjwa. Swali letu ni hili: mgonjwa asiye na cheo wala fedha, awezaje kusikilizwa na wale wanaopanga mambo ya afya ya nchi nzima?

Kwanza andikeni neno moja: SERA. Sera ni shauri ambalo serikali imelikata juu ya jambo fulani: nini kifanywe, wapi, kwa fedha gani, na nani atangulie kupata. Daktari hawezi kukupa dawa ambayo sera haimruhusu kuitoa. Kwa hiyo yawezekana daktari yupo, dawa ipo duniani, na mgonjwa bado akakosa. Hapo hapana kosa la daktari wala la mgonjwa. Shauri ndilo lililokatwa vibaya, na shauri laweza kukatwa upya.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwenye kiwanda anajua bei ya dawa. Waziri anajua hesabu ya fedha. Lakini mgonjwa ndiye anayejua ametembea mwendo gani mpaka zahanati, na mara ngapi amerudi mikono mitupu. Basi wenye kupanga wasipomsikiliza, wanapanga gizani.

Sasa twende Afrika Kusini, tuone mfano wa kweli.

Tarehe 10 Desemba 1998, katika mji wa Cape Town, watu wachache walianzisha chama. Jina lake kwa Kiingereza ni Treatment Action Campaign, yaani Kampeni ya Kudai Matibabu. Kwa kifupi huitwa TAC. Mmoja wa waanzilishi wake ni Zackie Achmat, ambaye mwenyewe alikuwa na virusi vya UKIMWI. Wakati ule dawa za kutuliza virusi zilikuwapo, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno. Matajiri walizinunua. Maskini walizikwa.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kujifunza. Sikilizeni vizuri, maana hili lawahusu ninyi wanafunzi. TAC walifungua masomo kwa watu wa kawaida, na wengi wao hawakuwa wamesoma sana. Walifundishwa virusi ni nini, dawa hufanyaje kazi mwilini, madhara yake ni yapi, na sheria ya nchi yasemaje. Mtu akijua jina la dawa yake na haki yake, hawezi kufukuzwa kwa maneno mawili.

Jambo la pili lilikuwa kujitokeza. Watu wengi waliuficha ugonjwa kwa kuogopa jirani. Wanachama walivaa fulana zilizoandikwa kwamba mvaaji ana virusi. Wenye virusi walizivaa, na wasio navyo wakazivaa pia, hata mtu asijue yupi ni yupi. Mzee Nelson Mandela naye aliivaa fulana hiyo mwaka 2002.

Jambo la tatu lilikuwa kusema mbele ya wakubwa. Makampuni 39 ya dawa yalikuwa yameishtaki serikali ya Afrika Kusini, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1997 iliyotaka kuleta dawa kwa bei nafuu. Mwaka 2001 TAC waliingia mahakamani upande wa serikali, wakaeleza hali ya wagonjwa. Watu waliandamana katika nchi mbalimbali. Mwezi wa Aprili mwaka huo makampuni yaliiondoa kesi yao.

Mtadhani basi kwamba TAC na serikali walikuwa marafiki tangu siku ile. Sivyo. Mwaka huohuo TAC waliishtaki serikali yenyewe! Kwa nini?

Mama mwenye virusi aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kutangazwa mwaka 1999, ulionyesha njia rahisi. Mama hupewa kidonge kimoja cha nevirapini uchungu unapoanza, na mtoto hupewa dozi moja baada ya kuzaliwa. Njia hiyo ilipunguza maambukizo kwa karibu nusu, ikilinganishwa na dawa nyingine iliyojaribiwa pamoja nayo. Mwenye kuitengeneza dawa alikubali kuipa serikali ya Afrika Kusini bure kwa miaka mitano. Lakini serikali iliruhusu itolewe mahali pawili tu katika kila jimbo. Nchi ina majimbo 9; hesabuni wenyewe. Na wakati ule ilikadiriwa kwamba watoto wapatao 70,000 waliambukizwa na mama zao kila mwaka.

Mama aliyejifungulia hospitali nyingine ya serikali alikosa kidonge hicho, hata kama daktari wake alitaka kumpa.

TAC walifungua kesi pamoja na madaktari waliowaunga mkono. Walishika kifungu cha 27 cha Katiba, kisemacho kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya, na kwamba serikali ichukue hatua za busara kadiri ya uwezo wake. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu. Iliamuru serikali iondoe kizuizi bila kukawia, na dawa iruhusiwe katika hospitali na zahanati za serikali pale inapohitajiwa. Mwaka 2003, baada ya maandamano makubwa, serikali ilikubali pia mpango wa kuwapa wagonjwa dawa za kutuliza virusi. Leo Afrika Kusini ina mpango mkubwa kuliko nchi zote duniani wa kutoa dawa hizo, na njia ya kidonge kimoja imekwisha kuachwa, kwa kuwa zimepatikana njia bora zaidi.

Je, kazi ya chama ikaisha? La. Jambo la nne ni kulinda. Hukumu ni karatasi. Dawa ni kitu cha rafuni. Wanachama hupita katika zahanati, wakauliza: dawa ipo? Foleni ni ndefu kiasi gani? Mgonjwa anatunzwa kwa heshima? Majibu huandikwa na kupelekwa kwa wakubwa. Malalamiko ya mtu mmoja huitwa manung'uniko. Malalamiko ya zahanati 100, yenye tarehe na hesabu, huitwa ushahidi.

Lakini jihadharini. Si kila anayesema, "Nawasemea wagonjwa," anasema kweli. Chama kikilishwa na mwuza dawa, kitaitetea dawa yake. Chama chenye ofisi mjini bila wanachama vijijini kitasema mawazo yake chenyewe. Mulizeni msemaji: Nani amekuchagua? Nani anakulipa? Mara ya mwisho umewasikiliza wagonjwa lini?

Nanyi mwaweza kuanza karibu. Katika Tanzania na Kenya, zahanati na vituo vya afya vya serikali vina kamati zenye wajumbe wanaotoka miongoni mwa wananchi. Ulizeni mjumbe wenu ni nani. Dawa ikikosekana, andikeni tarehe, jina la dawa, na idadi ya waliorudishwa. Kalamu mliyoishika sasa ndiyo itakayofanya kazi hiyo.

Maneno ya kukumbuka: sera, haki, katiba, hukumu, ushahidi.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini TAC walianza kwa kujifunza kabla ya kudai?
2. Mwaka 2001 TAC walikuwa upande wa serikali, kisha wakaishtaki. Je, waligeuka, au walisimama palepale? Elezeni.
3. Kuna tofauti gani kati ya manung'uniko na ushahidi?

Mwalimu atawasaidia. Swali la pili lina ubishi. Msiogope kubishana kwa adabu. Kwaherini.