Kimya cha Waya: Jinsi Injini ya Jenereta Inavyojilinda Presha ya Oili Inaposhuka



Aliyekuwa Tanzania wakati wa mgao wa umeme wa 2006 na ule wa 2011 hahitaji kuelezwa jenereta ni nini. Tulizijua kwa mngurumo na kwa bei ya dizeli. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba jenereta iliyoundwa vizuri ina kifaa kidogo chenye mamlaka ya kuizima bila kumwuliza mtu, hata ukumbi ukiwa umejaa wageni wa harusi. Jioni hii nataka tukihoji kifaa hicho. Kinaona nini hasa? Na kikikaa kimya, tuelewe nini?

Tuanze na kazi ya oili yenyewe. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower, aliyekuwa akichunguza beringi za reli kwa niaba ya taasisi ya wahandisi mitambo ya Uingereza, alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Ekseli ilipozunguka, oili ikapanda na kumwagika kupitia tundu lile lile. Akaliziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akapigilia kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ulipita paundi 200 kwa inchi ya mraba, ukomo wa geji yenyewe. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaleta hisabati yake: shafti inayozunguka huikokota oili hadi kwenye nafasi inayozidi kuwa finyu, na oili iliyobanwa namna hiyo ndiyo hubeba mzigo. Chuma hakigusi chuma.

Kwa hiyo pampu ya oili haibebi krankishafti. Hapa hata mafundi hodari huteleza. Kazi ya pampu ni kufikisha oili kwenye metali, yaani beringi za krankishafti. Presha kubwa inayobeba shafti huzalishwa na mzunguko wa shafti yenyewe. Geji ikisoma baa 4, inatupa habari za ugavi tu. Lakini ugavi ukikatika kwenye injini iliyobeba mzigo, ikizunguka mara 1500 kwa dakika, utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele hupotea upesi, joto hupanda, metali huyeyuka na kung'ang'ania shafti. Fundi atasema injini imenoki, na hapo mwenye mali ataanza kuulizia bei ya mpya.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Swichi ya presha ina kiwambo: upande mmoja kuna oili ya njia kuu, upande wa pili springi. Presha ikishuka chini ya kiwango kilichopangwa, ambacho kwa injini nyingi ni karibu na baa 1, springi hushinda, umeme hupita kwenye swichi, na kidhibiti cha jenereta hufunga njia ya dizeli. Kwa kuwa injini iliyolala haina presha, kidhibiti huipuuza swichi kwa sekunde chache, mara nyingi kama 10, baada ya injini kuwaka. Bila subira hiyo, jenereta ingezimwa kila inapowashwa.

Sasa tufike kwenye kimya. Swichi ya kawaida hufunga sakiti kukiwa na hatari na kuifungua kukiwa na usalama. Waya wake ukichubuka na kugusa bodi, injini huzimwa ilhali oili ni nzima. Kero hiyo huonekana mara moja, fundi huitwa, na wakati mwingine waya hung'olewa kabisa ili usisumbue. Ukikatika, iwe kwa panya au kwa mtikisiko, sakiti hubaki wazi, na kwa kidhibiti hiyo ni dalili ya presha nzuri. Ulinzi umekufa, na hakuna anayelalamika. Ndiyo maana taa ya oili lazima iwake swichi kuu inapowashwa, kabla ya injini kuzungushwa. Isipowaka, msiwashe. Sensa inayopima kwa ukinzani ni aminifu zaidi: waya wake ukikatika, usomaji hutoka nje ya mipaka na kidhibiti hutambua kwamba sensa ina hitilafu. Kwa hospitali ningefunga zote mbili.

Wala dipstiki haitoshi. Nozeli zikivuja, dizeli hushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini: oili huongezeka kwa kipimo huku ikizidi kuwa nyepesi, na presha hushuka. Anayetazama dipstiki peke yake atafurahi.

Kuna injini moja inayoruhusiwa kufa kazini. Kanuni ya Marekani ya NFPA 20 inataka injini ya pampu ya zimamoto, ikiwa imejiwasha yenyewe, ipige kengele presha ya oili ikishuka lakini iendelee kusukuma maji, kwa sababu jengo lina thamani kubwa kuliko injini. NFPA 110, inayohusu jenereta za dharura zikiwemo za hospitali, inaamuru kinyume: izimwe. Naona mantiki yake, maana injini iliyokwama haitoi umeme kesho wala keshokutwa. Lakini hospitali yenye jenereta moja na mgonjwa juu ya meza ya upasuaji inanipa taabu, na ningependa wahandisi wa hospitali walioko hapa waanze na hilo kwenye maswali.