Mchoraji wa Maji na Ukungu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mchoraji mmoja aliye hai, jina lake Peter Doig, na picha zake za nchi: maziwa, misitu, theluji na usiku. Mtu azitazamapo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mahali pale amepata kupaota. Nasi tulidhani hivyo, ijapokuwa tumeziona kitabuni tu, si turubai zenyewe.

Bwana huyu alizaliwa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1959. Alipokuwa mtoto mdogo sana wazazi wake walihamia kisiwa cha Trinidad, na alipopata umri wa miaka saba wakahamia Kanada, nchi ya baridi kali. Mwaka 1979 akaenda London kujifunza sanaa. Basi angalieni jambo hili: zile picha za Kanada zilizomletea sifa alizichora London, mbali na maziwa yale. Aliweka mbele yake picha za kamera, kurasa za magazeti, hata vipande vya filamu za senema. Na mengine aliyatoa katika kumbukumbu zake.

Iko picha yake moja ya mtumbwi mweupe, aliyoichora mwaka 1990 na 1991. Mtumbwi umetulia ziwani usiku, na kivuli chake kimelala juu ya maji dhahiri kama mtumbwi wenyewe, hata jicho likashindwa kujua lianzie juu au chini. Wavuvi wa usiku miongoni mwenu wataifahamu hali hiyo kuliko sisi. Asili yake ni filamu ya kutisha ya mwaka 1980, lakini katika picha hamna mtu anayemtisha mwenziwe. Kimebaki kimya tu. Mwaka 2007 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 5. Bei hiyo twaitaja kwa kuwa mtatuuliza. Haikutusaidia sisi kuielewa picha.

Tuliyokaa nayo zaidi ni ile aliyoichora mwaka 1993, iliyopata tuzo kubwa ya wachoraji huko Liverpool mwaka huohuo. Katika Kanada, majira ya baridi yafikapo, maji ya bwawa huganda yakawa barafu ngumu, na mtu hutembea juu yake kwa miguu. Mchoraji alimsimamisha ndugu yake juu ya barafu ya namna hiyo, kisha akapiga maji kwa pampu yatandae juu yake, ili kivuli cha kijana kionekane vema. Akampiga picha kwa kamera, na picha ile ndiyo aliyoichora kwa rangi za mafuta. Kijana ameinama akitazama miguu yake, kama mtu aliyesahau njia ya kwenda nyumbani. Theluji yenyewe haikuachwa nyeupe tupu, imeingia zambarau. Jina la picha ni lile la karatasi ya kukaushia wino, kwa sababu rangi ilikunywewa na turubai kama wino unavyokunywewa na karatasi hiyo, na kijana naye amekunywewa na mahali aliposimama.

Hapo ndipo tulipoona haya. Chuoni petu tuliwaagiza vijana wanaojifunza ualimu wachore kwao. Mmoja wao alichora mto wa zambarau, na miti iliyo chini ya maji ni mirefu kuliko iliyo ukingoni. Tulimwandikia kwa wino mwekundu, "Maji hayana rangi hii," tukampa alama 3 katika 10. Alisema kwa upole, "Mwalimu, sijafika kwetu mwaka wa pili sasa. Ndivyo ninavyoukumbuka." Tulimjibu kwamba somo ni la kuchora, si la kukumbuka. Miaka yote tulifundisha hivyo: chora unachokiona. Wala si kanuni mbaya kwa mtu achoraye jani la muhogo au mfupa wa kuku.

Tulipokwisha kufunga kile kitabu tulimwita yule kijana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ile picha yako ya mto unayo bado?"

"Ninayo, Mwalimu. Nimeifanya jalada la daftari la hesabu."

Akaenda kuileta. Alikuwa ameigeuza, upande wa rangi ukawa ndani. Tulipolifungua jalada lile tuliona kuwa siku moja lilipata mvua, na wino wetu mwekundu umetapakaa, umeingia mtoni, wala hausomeki tena. Tulimwomba atuachie picha hiyo. Alifikiri kidogo, akasema kwamba angependa kukaa nayo mpaka likizo, ailinganishe na mto.